Kitabu cha kutengeneza kwa mkono: jalada limepinda, mshono unameza picha, na naambiwa eti ni daftari tu

Kalamu_Nyeusi

Habarini wakuu. Mi sio fundi wa vitabu, ni mchoraji wa kujifurahisha tu, ila nimeshaingia humu na sioni mlango wa kutokea. Kisa chenyewe ni hivi, mwezi mzima nilikuwa nachora dirisha la chumba changu kila asubuhi, dirisha lile lile, saa ile ile, kwenye karatasi ya mraba sentimita 14 kwa 14, wino mweusi basi. Mwezi una siku 31 lakini michoro ninayo 30, siku ya 17 niliumwa sikuinuka kitandani. Nilipomaliza nikazishika zote mkononi nikazipitisha haraka haraka kwa kidole gumba, aisee, kivuli cha fremu kinatembea! Kinaanza kushoto kinahama kidogo kidogo kila siku. Hapo hapo nikajua hizi sio za kutundika ukutani, hizi ni kitabu.

Nikatafuta video nikashona ule mshono wa Kijapani wa matundu manne, unaopita ubavuni. Kwa nje kimependeza kweli. Ila sasa hakifunguki! Ukikifungua kinataka kujifunga chenyewe, na sentimita mbili hivi za kila mchoro zimeingia kwenye mshono, na upande unaomezwa ndo huo huo kivuli kinakoanzia. Halafu jalada, nilikata kadibodi ya milimita 2 nikaivalisha kitambaa kwa gundi nyeupe, usiku nimelala nikiwa najisifu, asubuhi nakuta imejikunja kama sahani.

Na mwisho, jamaa mmoja anayejua mambo ya sanaa aliniangalia akasema hiki sio kitabu cha msanii, ni daftari lenye picha. Iliniuma kidogo nisidanganye. Kwani kitabu cha msanii ni nini hasa? Michoro yenyewe iko salama, niliyoshona ni nakala za skani. Nisaidieni kabla sijakata karatasi nyingine.

FundiMsharasi

Pole na hongera dada (kama ni kaka unisamehe, jina halisemi). Mi ntashika jalada, hayo mengine wapo wanaoyajua zaidi.

Sahani yako imetokana na maji. Gundi ina maji, kitambaa kikinywa maji kinatanuka, we unakibandika kikiwa kimetanuka, afu usiku kinakauka na kurudi kwenye saizi yake, ila sa hivi kimeshaing'ang'ania kadibodi kwa hiyo kinaivuta nayo. Ndani hukubandika kitu, hakuna wa kuvuta upande wa pili. Kwa hiyo jalada limepinda kuelekea nje, nimekosea? Dawa yake ni kubandika karatasi ndani pia, iwe vuta nikuvute, huku inavuta na huku inavuta, kadibodi inakaa katikati imenyooka. Hata hilo lililoharibika usitupe, pakaa gundi kwenye karatasi, bandika ndani, weka chini ya kitu kizito kweli kweli, matofali mawili yaliyofungwa kwa kitambaa safi, liache hadi kesho yake. Watu wanaharibu hapo, wanafungua baada ya nusu saa kuchungulia. Acha kuchungulia! Na kama jalada limeshaungwa na kurasa weka plastiki katikati, unyevu usihamie kwenye michoro.

Ila kuna jambo la pili ambalo video nyingi zinaliruka na ndo linaloua vitabu vingi vya wanaoanza. Karatasi ina mwelekeo kama ubao unavyokuwa nao. Kwenye mashine ya kiwandani nyuzi nyingi zinalala kufuata mwendo wa mashine, na karatasi ikilowa inatanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kuzifuata. Kwa hiyo sheria ni moja, kurasa, kadibodi, karatasi ya kufunikia, vyote nyuzi zake zilale sambamba na mgongo wa kitabu, kutoka juu kwenda chini. Ukichanganya, kila kimoja kinavuta kwake na hakuna tofali litakalosaidia.

Kuujua mwelekeo ni rahisi, kunja karatasi bila kuivunja, iwe kama upinde tu, sukuma kwa kiganja, afu igeuze ujaribu upande wa pili. Upande unaokubali kirahisi, nyuzi zimelala sambamba na huo mkunjo. Kama bado una shaka chana kipande, kufuata nyuzi inachanika mstari ulionyooka, kukatiza inachanika ovyo inapindapinda.

Sasa mtego wenyewe. Karatasi ya A4 ya printa kwa kawaida nyuzi zake zinafuata urefu. Ukiikunja katikati upate A5, mkunjo wako unakatiza nyuzi, yaani umeshakosea kabla hujashika sindano. Mi natafuta A3 ambayo nyuzi zinafuata urefu, naikata katikati napata A4 mbili ambazo nyuzi zinafuata upana, hizo ukizikunja zinalala zenyewe kama nguo iliyopigwa pasi.

nusu_karatasi

Fundi kamaliza jalada. Mi nije kwenye mshono kwa sababu naona ndo ugonjwa wenyewe.

Ule mshono wa ubavuni sio mbaya, ni kwamba umeupa kazi isiyo yake. Mshono huo umezoea karatasi nyembamba laini, ile inayolegea yenyewe, ukigeuza ukurasa unaanguka upande wa pili na kutulia. We umeshona karatasi ya aina gani? Kama ni gramu 200 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba) hapo umetengeneza ubao. Kila ukurasa unapigana na wewe.

Swali ninalotaka ujiulize ni hili, msomaji anatakiwa afanye nini kwa mkono wake? Umesema we mwenyewe, ulizipitisha kwa kidole gumba ukaona kivuli kinatembea. Hapo una njia mbili na ni vitabu viwili tofauti kabisa. Kimoja ni kile kidogo kinene cha kupitisha kidole, picha zinakimbia kama sinema, hicho kinataka picha ndogo zikae ukingo wa nje, na mgongo ubanwe vizuri. Hapo hata mshono wako wa ubavuni unafaa, tatizo ni mahali ulipoiweka picha. Kingine ni mkunjo wa kodiani, karatasi moja ndefuuu inayokunjwa mbele nyuma mbele nyuma, msomaji akitaka anafungua siku moja moja, akitaka anaivuta yote anausimamisha mwezi mzima mezani kama ukuta. Nimekupigia hesabu, siku 31 mara sentimita 14 ni sentimita 434, mita nne na kitu! Afu ikifungwa inaingia mfukoni.

Kwa kodiani hakuna mshono kabisa, hakuna kinachomezwa. Karatasi ya urefu huo hupati kwa hiyo unaunga, unaacha ulimi wa sentimita 1 mwisho wa kila kipande unaubandika nyuma ya kinachofuata, na maungio yaangukie kwenye mkunjo yasiangukie katikati ya picha. Usikunje moja baada ya nyingine ukienda mbele, kosa la nusu milimita ukilirudia mara thelathini linakuwa sentimita moja na nusu, kitabu kinakaa upande kama mlevi. Kunja kipande katikati kwanza, afu nusu zake katikati, afu robo. Na karatasi nene ichore mstari wa mkunjo kabla, kwa mfupa wa kukunjia au hata mgongo wa kijiko, la sivyo inapasuka pale pale unapokunja na wino unameguka.

Mzee wa Nta

Mmeanza na gundi, mmemwacha na kidonda chake cha "daftari lenye picha". Ngoja nikae hapo kidogo.

Huyo jamaa yako hakukosea yote, ila kasema vibaya. Kitabu cha msanii maana yake ni kwamba kitabu chenyewe ndo kazi ya sanaa, sio begi la kubebea kazi ya sanaa. Ukichukua michoro yako 30 ukaitoa humo ukaitundika ukutani na hakuna kilichopotea, basi ni kweli ulikuwa na begi. Lakini we unasema ikitolewa humo kivuli hakitembei tena. Basi unacho kitabu, kimebaki kukitengeneza tu.

Mifano ipo. William Blake mwaka 1789 alikuwa anaandika mashairi yake kinyumenyume kwenye sahani za shaba pamoja na michoro, anachapa mwenyewe, afu yeye na mkewe Catherine wanapaka rangi nakala moja moja kwa mkono. Huwezi kusema hapa kaishia mshairi hapa kaanza mchoraji. Halafu 1913 kule Paris Blaise Cendrars aliandika shairi refu la safari ya treni na Sonia Delaunay akalisindikiza kwa rangi kutoka juu mpaka chini, wakalitoa kwenye mkunjo kama huo alioutaja nusu_karatasi, likifunguliwa lina kama mita 2. Walipanga nakala 150 ili zikiunganishwa ncha kwa ncha zifikie urefu wa mnara wa Eiffel, hazikutimia. Safari ndefu, karatasi ndefu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Sasa hapa ntawaudhi mafundi. Kutengeneza kwa mkono sio lazima. Ed Ruscha mwaka 1963 alitoa kijitabu cha picha 26 za vituo vya mafuta, kimechapwa na mashine za kawaida, nakala 400, hakina gundi ya siri wala uzi wa kitani. Maktaba ya Bunge la Marekani ilikirudisha, na yeye akaweka tangazo kwenye jarida akijitapa kwamba kimekataliwa. Leo hakuna anayezungumzia vitabu vya wasanii akamruka. Kwa hiyo ukimwona mtu anashona mshono wa kupendeza kwenye ngozi ya bei mbaya na ndani kurasa ni tupu, mpe hongera ya ufundi, kastahili, lakini ni daftari. Zuri, ila daftari.

FundiMsharasi

Mzee hapo umeniwinda mimi moja kwa moja 😂 Nina madaftari matupu saba kabatini na nayapenda yote.

Ila nami nikujibu. Kuna watu wana wazo zito, wanakupa kitabu ukikifungua mara ya tatu kurasa zinadondoka. Wazo liko wapi hapo, liko sakafuni. Injili ya Mtakatifu Cuthbert iliyoko British Library ilitengenezwa karne ya 8 mwanzoni, ina jalada lake lile lile la kwanza, na imeshonwa kwa mshono wa namna ya Kikopti, uzi unaofungana kama mnyororo, hauna hata kamba za kuegemea mgongoni. Miaka elfu moja na mia tatu. Vile vitabu vya Nag Hammadi vilivyofukuliwa Misri mwaka 1945 navyo vina majalada ya ngozi ya karne ya 4 na bado tunaweza kuona fundi alivyokunja. Fundi alipitia kila tundu akijua kuna mtu atakuja.

Na hilo la Kikopti lisikupite dada, ukija kutaka kurasa zinazogeuzwa badala ya kodiani, basi ni huo. Kinalala wazi kabisa, digrii 180, hakimezi hata milimita. Kunja karatasi nne nne pamoja, hilo ni fungu moja la kurasa 16, toboa matundu kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea) kutokea ndani ya mkunjo kwenda nje, uzi upake nta ya nyuki usijifunge mafundo njiani. Urefu wa uzi mi nakadiria urefu wa kitabu mara idadi ya mafungu, naongeza urefu wa majalada yote mawili na mmoja wa akiba. Usinunue vifaa vya gharama, msharasi wa fundi viatu unatosha, na nta ni nta.

bint_wino

Samahani nadandia. Hivi hakuna anayeona siku ya 17? 😅 Mmeongea gundi, mmeongea Paris, dada wa watu ana tundu katikati ya mwezi wake. Kalamu, utalifanyaje? Usije ukachora ya kubuni ukaichomeka hapo, tutajua.

Kalamu_Nyeusi

Jamani asanteni, nimesoma mara tatu. Ndiyo ni dada. Fundi, jalada limepinda kuelekea nje kama ulivyosema, na karatasi nilizoshona ni gramu 200, nusu_karatasi umenisoma. Nimeupima mwelekeo kwa kuchana, na kweli nilikuwa nimekosea kote, kurasa zinaenda huku kadibodi huku.

Naenda na kodiani. Mzee umenitoa kidonda lakini na Fundi pia kaniingia, nataka vyote.

Siku ya 17, bint_wino, kusema kweli nilikuwa nimeiruka tu kimya kimya. Nilivyosoma ulichoandika nikaona aibu. Nawaza kuacha ukurasa mweupe. Au nikate dirisha kwa wembe pale pale lilipotakiwa liwepo, ili msomaji achungulie aone siku ya 18?

nusu_karatasi

Dirisha la kukata ni zuri sana ila subiri kabla hujashika wembe. Kwenye kitabu cha kugeuza kurasa ungechungulia ukaona ya 18, sawa. Kwenye kodiani hapana. Chukua karatasi yoyote kunja uone, ukurasa wa 16 na 17 zinatazamana uso kwa uso, 17 na 18 zinapeana mgongo. Kwa hiyo kikifungwa, dirishani utaona mgongo wa 18, ambao ni mweupe mtupu. Kikivutwa kikasimama mezani ndo utaona ng'ambo.

Ndo maana huwa nasema tengeneza kwanza kitabu cha majaribio, kitupu, saizi ile ile, karatasi ile ile, bila mchoro hata mmoja, andika namba za siku kwa penseli tu. Kivute, kifunge, mpe mtu asiyejua kitu umwangalie mikono yake inaenda wapi. Mi watu wawili kati ya watatu niliowapa changu cha kwanza walianzia nyuma.

Mzee wa Nta

Ng'ambo ataona nini? Ataona chumba alichomo yeye msomaji. Dada, siku uliyoshindwa kuangalia dirisha lako, unamwachia mwenzako aangalie kwake. Mi ningelipa kwa hilo. Usiliandikie maelezo, utaliua.

bint_wino

Dah. Mzee leo kaamka vizuri.

Cha kuongeza tu, ukikata dirisha kwenye gramu 200 tumia wembe mpya kila pembe mbili, na anza kukata kutoka kwenye kona kuja katikati, ukienda kinyume unapitiliza kona na ule mkato mdogo wa ziada unaonekana kama kilio. Acha angalau sentimita 2 kati ya dirisha na mkunjo, karibu zaidi ya hapo ukurasa unalegea na kodiani yote inainamia hapo. Na unafanya nakala ngapi?

Kalamu_Nyeusi

12. Nilitaka 31 nikajionea huruma.

Nimerudi kuwapa mrejesho, imepita wiki mbili na nusu. Kitabu cha majaribio nilitengeneza viwili, cha kwanza kilikaa upande (nilikunja nikienda mbele moja baada ya nyingine, ndiyo najua, niliambiwa). Cha pili kikatulia. Nikampa mdogo wangu bila kumwambia kitu, akakivuta chote kwa mara moja kama mtu anayefungua pazia, kikamtoka mkononi kikaanguka. Kwa hiyo nimebandika ncha ya mwisho kwenye jalada la nyuma, ile ya mwanzo kwenye la mbele, sasa mtu ana pa kushika pande zote mbili.

Majalada nimebandika ndani na nje, nyuzi zote juu kwenda chini, nimelaza chini ya matofali usiku mzima na mchana wake na SIKUCHUNGULIA. Yamenyooka Fundi, naweza kupigia mstari. Tofauti niliyoiona ni kwamba gundi nyeupe peke yake ilikuwa inakauka kabla sijaweka kitambaa sawa, nikaichanganya na uji wa wanga, ikanipa muda wa kusogeza kidogo.

Nakala ya 5 nilipitiliza kona ya dirisha. Naangalia ule mkato mpaka sasa. Nimeiweka pembeni, sijui niitupe.

FundiMsharasi

Usitupe. Hiyo baki nayo mwenyewe, kila mtu anayeshona ana moja ya hivyo kabatini. Zilizobaki ziandike namba kwa penseli ukurasa wa mwisho, na chini yake mistari miwili, karatasi gani, wino gani, mwezi gani. Gundi usiisahau, miaka ishirini ijayo akitokea wa kutengeneza palipoachia atataka kujua ulibandika kwa gundi gani. Wanga peke yake ungeachia kwa maji, ile nyeupe ni mbishi.

nusu_karatasi

Picha ya kikiwa kimesimama iko wapi sasa? Tumekaa wiki mbili na nusu hapa.

Kalamu_Nyeusi

Kesho asubuhi. Nataka nikipige picha dirishani, saa ile ile.